Daftari la kikundi lilirushwa kundini: mjadala wa faragha niuendesheje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko 43 na tuna kundi la WhatsApp. Mwezi uliopita mweka hazina alirusha kundini picha ya ukurasa wa daftari wenye majina ya wanaodaiwa. Mtu akaisambaza, ikafika sokoni Mwanga, na mume wa mwenzetu mmoja akajulia huko kwamba mkewe amekopa. Tangu hapo tumegawanyika. Wapo wanaosema fedha ni ya wote na hakuna siri, wapo wanaotaka mweka hazina aondolewe. Wengine wako safarini Kasulu, Uvira na Dar, hatuwezi kukutana karibuni, kwa hiyo mwenyekiti ameniagiza nisimamie mjadala kundini kuhusu siri za mwanachama. Naona kabisa yatageuka matusi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada Katibu. Mjadala unawezekana, na unavyouogopa una sababu. Ila usiuanzie kundini. Uanzie kwa yule mama ambaye habari zake zilimfikia mumewe kupitia sokoni.

Nimeshakaa na vikundi vingi vya aina yenu mkoani kwetu, na ninachokiona ni kwamba mjadala wa faragha mara nyingi hauvunjwi na wakorofi. Unavunjwa na mfano. Watu wanaambiwa wazungumzie siri za mtu, na mfano pekee walio nao kichwani ni mwenzao aliye hai, anayesoma kila ujumbe akiwa jikoni kwake. Hata anayemtetea anamwumiza. "Jamani mwacheni, kwani alikopa nini, laki tatu tu!" Hapo waliokuwa hawajui kiasi wamekijua. Kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni yeye, na jinsi utakavyomlinda ndiyo itakayoamua kama jioni yenu itakuwa ya staha.

Nenda ukamwone mwenyewe. Usimpigie simu wala kumwandikia, kwa sababu hujui simu yake inashikwa na nani siku hizi. Mwulize kama anataka jambo lake litajwe au lisitajwe kabisa. Akisema lisitajwe, basi lisitajwe, hata kama mwenyekiti anaona kulitaja kungewafundisha wengine. Mwulize pia kama angependa kuwamo kundini jioni hiyo au apumzike, na kama yuko salama nyumbani. Usimwahidi kwamba ile picha itatoweka mitaani, haitatoweka. Mwahidi unachokiweza, kwamba jina lake halitatoka kinywani mwako wala kwenye simu yako. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na kumbuka ukurasa ule ulikuwa na majina mengine. Hao nao wape neno, mmoja mmoja. Maneno ya mtaa yamemfuata mmoja, lakini aibu imewagusa wote.

Wa pili wa kumwona ni mweka hazina. Sijui alirusha picha ile kwa nia gani, ila kazi yake naijua: wanachama 43 wanamdai majibu wakati fedha ziko mikononi mwa wengine. Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa wavuvi ili samaki wazaliane, kama lilivyofungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, marejesho husuasua hata kwa watu waaminifu, na presha yote humwangukia yeye. Mwambie mapema kwamba hatashitakiwa kundini. Kumwondoa au kumbakiza ni kazi ya mkutano mkuu kwa utaratibu wa katiba ya kikundi, na mwenyekiti atangaze hivyo kabla ya mjadala. Mambo haya mawili yakichanganywa jioni moja, itakuwa kesi isiyo na hakimu.

Picha yenyewe, kama bado imo kundini, ifute leo. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukafutika kwa wote. Simu nyingi hupakua picha zenyewe, hivyo nakala zinaweza kuwa zimebaki kwenye simu za watu. Waombe wazifute, kwa sentensi moja, bila kueleza ilikuwa na majina ya nani.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Wanaosema fedha ni ya wote wanasema kweli, na mjadala wako utakuwa wa haki pale tu watakapoona unalijua hilo. Mkopo wa kikundi ni hisa za wenzako. Kuna wadhamini waliotia saini. Mwanachama akinyimwa habari za nani anadaiwa, ataibiwa siku moja na hatajua. Ndiyo maana siku ya kikao, sanduku likishafunguliwa, majina ya wanaodaiwa husomwa kwa sauti na hakuna anayenuna.

Basi kwa nini kusomwa kikaoni hakukumwumiza mtu, na picha imeumiza? Deni ni lile lile. Kilichobadilika ni wanaosikia. Kikaoni alisomewa mbele ya watu waliokubaliana masharti yale yale, ambao na wao wamewahi kudaiwa au watadaiwa. Wanajua kama amechelewa au bado yuko ndani ya muda, wanajua kama aliomba kuongezewa wiki akakubaliwa. Picha ilipofika Mwanga ilifika kwa watu wasiojua lolote kati ya hayo. Waliona jina na tarakimu, wakajaza yaliyobaki wenyewe. Kwa hiyo swali la kuwaongoza wanachama si kama deni ni siri au si siri. Waulize nani anapaswa kulijua, na alijue kwa ajili ya nini. Kwenye swali hilo pande zenu mbili zina mengi ya kukubaliana kuliko zinavyodhani sasa.

Ipo hoja moja ya kuiweka akiba kwa jioni ya pili. Wengi wenu mnaijua mikopo ya kwenye simu: programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa siku chache inawaandikia bosi wako, mkwe wako na mwalimu wa mtoto wako kwamba hulipi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na ikayapiga marufuku. Nchi nzima ilikuwa imelalamikia udhalilishaji ule. Waulize wanachama: yale waliyofanyiwa wakopaji wale yana tofauti gani na daftari letu kufika sokoni? Tofauti ipo, na wenyewe wataitaja, lakini katika kuitafuta wataona pia panapofanana. Usilete swali hili siku ya kwanza. Linachoma, na siku ya kwanza watu bado wanajihami.

Sheria nayo iwe karibu, isitangulie. Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Inahesabu miamala ya fedha ya mtu, afya yake, taarifa za watoto na asili ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Lakini ukifungua jioni kwa vifungu, watu watasikia polisi na watanyamaza, au watabisha. Na akitokea wa kusema haya ni mambo ya kuletwa na wageni, mkumbushe tulivyolelewa: Ujiji hakuna anayeingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka, hata kama umesikia watu ndani.

Kuhusu wakati, chagua siku za mbalamwezi. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao, na ninyi alfajiri mnawahi mzigo mwaloni. Mwezi ukijaa mitumbwi inapumzika, watu wanalala, na mtu aliyelala hujibu vizuri kuliko aliyetoka kukimbizana na mvua ili dagaa zake zisiozee mchangani. Fanya jioni mbili, saa mbili mpaka saa nne usiku, mkipumzika siku moja katikati. Walio Uvira wako nyuma yetu kwa saa moja, uwatajie saa yao. Nje ya muda huo weka kundi katika hali ya admini peke yao kuandika. Wapo watakaosema umewafunga midomo. Wajibu kwamba umewafungulia kwa saa nne nzima, na wewe utakuwepo zote nne.

Ujumbe wa sauti usiukataze. Kuna mama zetu wanaosoma kwa shida, na ukitaka maandishi tupu utakuwa umewatoa kwenye mazungumzo ya fedha zao wenyewe. Weka kikomo cha dakika moja. Ugumu wa sauti ni kwamba huwezi kuipitia kwa jicho: mpaka uisikilize ikaisha, wenzako ishirini wameshaisikia. Na husikika na kila aliye karibu na simu, mume, watoto, mpangaji. Kwa hiyo pata msaidizi, mmoja asikilize, mwingine asome.

Kisha fungua kwa maneno kama haya:

"Habari za jioni wanachama. Leo na keshokutwa tunazungumza jambo moja: mambo ya mwanachama yajulikane na nani. Hatumzungumzii mtu yeyote wala tukio lolote la kikundi chetu. Asitajwe mwanachama kwa jina, kwa mtaa, kwa mume wala kwa meza yake ya biashara. Ujumbe utakaomtaja mtu nitaufuta, na mwenyewe nitamwandikia pembeni. Mambo ya uongozi yanasubiri mkutano mkuu. Asiyetaka kusema asome tu, inatosha."

Maneno "kwa mtaa, kwa mume" usiyapunguze. Watu wetu hawataji jina. Wanasema "yule wa nyuma ya msikiti" na kundi zima limeshajua. Kibaya zaidi ni mafumbo. Kijembe hakina jina lakini kina mwenyewe, na kwa akina mama wa pwani ya ziwa hili ufundi huo ni wa kurithi. Tangaza wazi kwamba methali iliyopigwa kwa mtu ni sawa na kumtaja. Waombe pia wasihamishie ugomvi kwenye stetasi. Stetasi huwezi kuifuta wewe, unaweza kuomba tu, na ombi likitoka kwa katibu aliyewatendea haki wote husikilizwa.

Baada ya hapo wape mfano wa kubuni, wa watu wasio ninyi:

"Mama mmoja muuza mawese amekopa laki mbili kwenye kikundi chake. Amechelewa wiki mbili. Wadhamini wake wanajua sababu, mtoto wake amelazwa. Mwanachama mwenzake anakutana na dada wa huyo mama njiani. Dada anauliza: mbona mdogo wangu siku hizi amepooza, ana shida gani? Huyu mwanachama ajibu nini?"

Nimeuchagua mfano huu kwa makusudi. Hauna mhalifu, na anayeuliza anauliza kwa upendo. Kila mwanachama wako ameshawahi kusimama njiani akaulizwa swali la namna hiyo. Wapo watakaosema dada aambiwe, ni ndugu, pengine atasaidia kulipa. Usiwakatize, hoja hiyo ina uzito kwa watu wanaoishi kwa kusaidiana. Uliza tu: mama mwenyewe angependa dada yake aambiwe na nani? Kisha: akiambiwa habari za mtoto, lazima aambiwe na za deni? Waache wabishane hapo, hata saa nzima. Usikimbilie la pili.

Likiisha hilo watakuja wenyewe kwenye ugonjwa, maana michango ya wagonjwa ndiyo inayojaza makundi yetu picha ambazo wenyewe hawakuziruhusu. Mtu amelala kitandani na dripu mkononi, amefumba macho, mdomo wazi, na chini yake imeandikwa "tumchangie mwenzetu". Nia ni njema kabisa. Lakini mchangiaji anahitaji kujua nini? Kwamba mwenzake anaumwa, kalazwa, na kinachohitajika ni kiasi gani. Jina la ugonjwa halihitaji. Picha hubeba zaidi ya ulichokusudia: kadi ya kliniki iliyoachwa juu ya shuka, kopo la dawa mezani. Anayezijua dawa hizo atasoma ugonjwa bila kuambiwa. Majibu ya vipimo vya VVU yana ulinzi wake maalumu tangu sheria ya UKIMWI ya 2008, na bado nimeona watu wakiyatoa kwa kupiga tu picha ya meza. Kubalianeni kwamba picha ya mgonjwa haipandishwi mpaka mwenyewe aseme ndiyo akiwa na fahamu zake. Asipoweza kusema, maneno matupu yanatosha kuchangisha.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Kigoma lina uzito wa pekee, nalo ni asili ya mtu. Biashara yenu inavuka ziwa. Kundini mna namba za simu za 255 za Tanzania, na naamini zimo za 257 za Burundi na 243 za Kongo. Mna wenye bibi Burundi na wenye mama aliyezaliwa upande wa Kongo. Hasira zikipanda, neno jepesi kutoka ni "nyie si wa hapa". Kwetu huo si utani. Unaweza kumfanya mtu aitwe kuthibitisha uraia wake, apoteze siku na mtaji, naye ni Mtanzania wa kuzaliwa. Ujumbe wa namna hiyo ufute papo hapo, usingoje kuujadili. Na mkiwa hapo, pandisheni juu mazungumzo ya zamani mtafute picha za vitambulisho zilizotumwa kundini wakati wa kujiandikisha. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, na ndiyo inayosajilia laini. Zifuteni zote. Nakala za vitambulisho zikae kwenye faili la karatasi, ndani ya sanduku la kikundi.

Mtu akivunja kanuni, futa, kisha andika kundini: "Nimeufuta ujumbe uliomtaja mwanachama. Tunaendelea na swali." Usiseme uliandikwa na nani. Halafu mwandikie pembeni: "Dada, hoja yako nimeiona na ina maana. Naomba uiandike tena bila kumtaja mtu." Wengi huiandika tena, na mara nyingi inatoka bora kuliko ya kwanza. Akirudia mara ya tatu, funga kundi kwa robo saa, kila mtu akanywe maji. Lakini usimtoe mtu kundini. Humo ndimo anamopata habari za fedha zake, na kila mtu ataona umemtoa. Utakuwa umemwaibisha hadharani kwenye jioni iliyoitishwa ili watu wasiaibishwe hadharani.

Msipige kura humo humo. Kura ya WhatsApp kwa kawaida huonyesha nani kachagua nini, na mwenye deni hatathubutu kuchagua anachokiamini. Andika mliyokubaliana na mliyoachana, uyasome kundini usiku wa pili kabla ya kufunga, na kura ipigwe kwa vikaratasi kwenye mkutano mkuu. Vikundi kama chenu, ambavyo sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviweka daraja la nne, vina katiba yake. Afisa maendeleo ya jamii atawasaidia kuongeza kipengele. Mimi ningependekeza kiwe kifupi: madeni yasomwe kikaoni, simu zikiwa zimekusanywa kwenye kapu, ukumbusho wa deni uende kwa mdaiwa peke yake, kisha kwa wadhamini wake, na kikundi kizima kwenye kikao kinachofuata, ukurasa wa daftari usipigwe picha na yeyote, kiongozi akiwamo, anayevunja alipe faini, iingie mfuko wa jamii. Kiasi cha faini pangeni wenyewe.

Limebaki la waume, na najua litaibuka jioni ya kwanza kabisa: je, mume ana haki ya kujua mkopo wa mkewe? Usiliruhusu kundini. Kila mtu atajibu kwa ndoa yake, na ndoa za watu zitaanikwa mpaka alfajiri. Kikundi hakina kazi ya kuamua mke amwambie nini mumewe. Kina kazi ya kuamua viongozi waseme nini wakiulizwa. Mume akija mlangoni kwako kesho kuuliza mkewe anadaiwa shilingi ngapi, mkaribishe, mpe kiti, mwambie kwamba daftari husomwa mbele ya wanachama tu na kwamba mkewe ndiye wa kumjibu. Mwambie hivyo hivyo hata kama unamheshimu, hata kama ni shemeji yako. Viongozi wote watatu mkubaliane jibu moja kabla ya mjadala, ili asitoke kwako akalipate kwa mwenyekiti. Na yule mama akikwambia hayuko salama ndani, usingoje mbalamwezi: msindikize Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au kwa mzee wa familia anayemwamini yeye mwenyewe, na mjadala wa kundini usubiri.